Televisheni ilipozimwa: kisa cha parseli moja ya Kadutu

Kisa hiki ni cha Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 2023, kabla mji haujaingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025. Mwenye kisa ameniruhusu nikiandike kwa sharti kwamba asitambulike. Nimeficha avenyi (mtaa), majina na umri wa watoto, na kila mtu humu namwita kwa nafasi yake katika parseli, yaani kiwanja kimoja chenye nyumba kadhaa. Maneno yao nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Kazi yangu ni kuwasindikiza wanawake katika mambo ya sheria: kuwaeleza haki zao, kuandamana nao polisi, kwa daktari na mahakamani. Kanisani na kwenye semina huulizwa sana kama novela za televisheni zinazoonyesha ndoa zenye vurugu zinajenga au zinabomoa. Wako wapasta wanaosema zinawatia wanawake kiburi. Wako wafadhili wanaosema zinaelimisha, na ushahidi wao ni kwamba watazamaji wanamlaani mume mpigaji kwa sauti kubwa. Kisa hiki kinawapinga wote wawili. Katika parseli ninayoisimulia, aliyemlaani mume wa novela kuliko wote alikuwa mwanamume anayempiga mke wake. Aliyefaidika na novela hakusema neno usiku ule.

Parseli ni ya yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi. Yeye na mumewe wanakaa nyumba ya mbele. Nyuma kuna aneksi tatu za wapangaji, zimejengwa kwa mbao, zinatazamana kwenye uwanja mdogo. Televisheni yenye dekoda iko kwa yaya tu. Umeme wa Kadutu unakuja saa unayotaka wenyewe, na ukirudi jioni hakuna anayengoja kualikwa: watoto wanatangulia na viti vya plastiki, wamama wanaingia na kazi zao, huyu anachagua maharagwe, yule ananyonyesha, na wanaume wanasimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, ili ionekane wanapita tu. Usiku huo nilikuwepo. Nilikuja kumsalimu yaya, mvua ikanizuia.

Novela ilikuwa moja ya zile za ng'ambo zilizotiwa sauti za Kifaransa. Ina ndoa tatu, na zote zina shida: moja haina mtoto, ya pili mume ana deziem biro, yaani mwanamke wa nje, ya tatu mume anapiga. Wasioufuata Kifaransa walikuwa wanaelezwa na binti mmoja wa chuo, mpangaji wa aneksi ya kwanza. Sehemu ya usiku ule ilikuwa ya ndoa ya tatu. Mume ni mhandisi, ana gari, anakaa nyumba ya ghorofa. Anamkuta mkewe akiongea na kaka yake kwenye simu, anampiga kofi, anavunja sahani, anammwagia pombe usoni. Asubuhi anapiga magoti na maua mkononi, analia. Mke anakwenda kwa mama yake, naye anamwambia arudi, wanaume wote ndivyo walivyo. Usiku wa pili anatoka na mtoto na mkoba mmoja, anafika kwa rafiki yake mwenye nyumba nzuri ya chumba cha wageni, na sehemu inaishia hapo.

Wa kwanza kusema alikuwa mama mzee, mama mkwe wa yaya.

"Kwa kofi moja njo anabeba mutoto usiku? Nani hapa hajapigwa? Mimi nilivumilia, na leo niko na bajukuu."

Binti wa chuo akamjibu palepale, kwa heshima lakini bila kusita: "Mama muzee, mimi kofi ya kwanza tu, naenda. Mwenye anabaki, amependa mwenyewe."

Mlangoni, mwanamume mmoja akacheka, akasema kwamba yule bibi wa novela naye alikuwa na mdomo mwingi. Hapo ndipo motari (dereva wa pikipiki ya abiria) wa aneksi ya tatu alipopandisha sauti. "Hapana! Ule si mwanaume, ule ni nyama. Mwanaume anavunja masahani, anamwangia bibi yake pombe mu macho? Bamufunge!" Nyama kwetu ni mnyama. Wengi waliitikia, mama mmoja akampigia makofi. Halafu ikaja picha ya mhandisi akilia juu ya magoti yake, na chumba kikalegea. "Ona," mama mmoja akasema, "anamupenda. Kama hamupendi hangelia."

Mke wa motari alikuwa ameketi mkekani karibu na ukuta, mtoto miguuni. Nitamwita mama wa aneksi. Hakusema kitu. Novela haijafika mwisho, alisimama, akasema mtoto amelala, akatoka akipita mbele ya mumewe mlangoni.

Ningekuwa mtafiti mwenye karatasi ya maswali, usiku ule ningeandika kwamba watazamaji wamegawanyika: wazee wanatetea uvumilivu, vijana wanatetea kuondoka, na wanaume baadhi yao wamebadilika. Ningeandika hata kwamba motari ni mfano mzuri. Ndiyo maana siamini ripoti zinazoishia kwenye kile watu walichosema picha ikiwa bado iko kwenye kioo.

Nianze na mama mzee, kwa kuwa ni rahisi kumwona adui na si adui. Aliolewa zamani vijijini Kabare, ng'ombe wa mahari wakatolewa, akapigwa, akarudi kwao, akarudishwa. Hakukuwa na mtu hata mmoja, wala baba yake, wala kanisa, wala shefu (chifu), aliyemwambia kwamba lililompata ni kosa la mwingine. Akayageuza yale maisha kuwa sifa: nilivumilia. Sasa mtoto wa jana anatokea kwenye kioo, anachukua mkoba, na kila mtu anasema amefanya vizuri. Ikiwa yule amefanya vizuri, basi miaka ya mama mzee inakuwa nini? Ukali wake dhidi ya mhusika ni ukali wa mtu anayelinda kitu pekee alichobaki nacho. Takwimu zetu wenyewe zinaonyesha hayuko peke yake: katika uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2013-2014, wanawake wapatao asilimia 75 walikubali kwamba kuna angalau sababu moja inayompa mume haki ya kumpiga mkewe, na katika uchunguzi huohuo asilimia 52 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walisema wamepatwa na kipigo au ukatili mwingine wa mwili tangu kutimiza miaka 15. Nikiziona namba hizo mbili pamoja, simwoni mwanamke anayependa kupigwa. Namwona aliyepigwa na akahitaji sababu ya kuendelea kuishi pale alipo.

Binti wa chuo ananisumbua zaidi, japo ndiye aliyesema ninachokiamini. "Mwenye anabaki, amependa mwenyewe." Alilisema kwa nguvu na kwa nia safi. Lakini katika chumba kile alikuwepo mwanamke ambaye kofi lake la kwanza lilikuwa la zamani sana, na baada yake yalikuja mengine asiyoyahesabu tena. Kwa mama mzee alisikia: ukiondoka wewe ni mvunja nyumba. Kwa binti alisikia: ukibaki wewe ni mjinga. Pande mbili zilizokuwa zikibishana zilikubaliana juu ya jambo moja, kwamba mwenye kosa ni yeye. Baadaye aliniambia kwamba maneno ya mama mzee alikwisha kuyazoea. Yaliyomfanya asimame na kutoka ni yale ya binti.

Na motari. Huyu nimemfikiria kuliko wote. Je, alikuwa anaigiza mbele ya watu? Sidhani. Nilimsikiliza tena baadaye kwenye mkutano wa familia mbili, na pale baba mkubwa wa mkewe alipomuuliza kwa nini alikuwa anamlaani yule wa novela, alijibu kwa uchungu wa kweli: "Mimi siko sawa na ule. Mimi sikuvunja hata sahani moja. Mimi nilikuwa namurekebisha tu." Kwa macho yake, mpigaji ni tajiri mlevi anayevunja vyombo na kumdhalilisha mke kwa pombe. Yeye halewi. Anaamka alfajiri na pikipiki yake, analeta chakula, analipa nyumba, na akipiga anapiga baada ya kukasirishwa. Novela ilimpa mtu wa kumchukia ambaye hafanani naye kwa lolote.

Hapa nawalaumu waandishi wa michezo hii. Mpigaji wao karibu kila mara ni jitu. Wanampa kelele, pombe, vioo vinavyopasuka, kwa kuwa kelele inashika jicho. Ukatili mwingi ninaokutana nao Bukavu ni wa sauti ya chini, mlango umefungwa, redio imepandishwa, na asubuhi mtu anakwenda kazini. Halafu mume wa novela anapewa muda wa kulia. Kamera inamkaribia, machozi yanaonekana moja moja, muziki unashuka. Mkewe hapewi muda huo. Anaonekana akipigwa, anaonekana akifunga mkoba, na yale ya katikati, hesabu za fedha, hofu juu ya watoto, usiku wa kuamua na kughairi, hayapo. Ndiyo maana mama mzee aliona kofi moja tu. Mchezo haukumwonyesha mengine.

Siku chache baadaye mama wa aneksi alimkuta yaya akifua uwanjani. Akachukua beseni la pili, akaanza kusuuza naye bila kuombwa. Wakaongea bei ya samaki, kwa sababu anauza sambaza sokoni Kadutu. Halafu, akikamua shati la mtoto, akauliza: "Yaya, ule mama wa novela, kule alikimbilia ni kwa nani?"

Yaya alijibu kwa rafiki yake.

"Na kama hana rafiki mwenye nyumba?"

Yaya alikuwa anajua. Kila mtu katika parseli alikuwa anajua. Ukuta wa mbao hauzuii sauti. Angeweza kusema, mama, najua bwana yako anakupiga. Hakusema. Aliendelea kusuuza na kujibu ndani ya novela: "Kama hana, angekuja kwa jirani mwenye mulango wa chuma. Mimi angegonga, ningefungua." Mama wa aneksi akauliza na watoto je. Yaya akasema na watoto. Akauliza, na bwana akija kuwafuata? Yaya akasema, bwana wangu pia yuko ndani, angemwambia arudi asubuhi na wakubwa wa familia. Walimaliza nguo zote bila mmoja wao kutamka neno "mimi" kwa maana yake halisi.

Naona hapo ndipo novela ilipofanya kazi. Mwanamke wa Bukavu analelewa akijua kwamba mambo ya nyumba hayatoki nje. Kuyatoa ni kumvua mume nguo mbele za watu na kujivua mwenyewe. Lakini mambo ya novela ni ya wote. Juu ya mama wa novela unaweza kuuliza alale wapi, ale nini, karatasi za watoto azifiche wapi, na hakuna atakayesema umetoa siri. Kwa siku nyingi, wakifua, wakichambua mboga, wakingoja umeme, wale wawili walipanga safari nzima ya mwanamke wa kwenye kioo.

Kuna utafiti wa Uganda unaonisaidia kueleza hili. Mwaka 2016, Donald Green, Anna Wilke na Jasper Cooper walipeleka filamu fupi juu ya ukatili dhidi ya wanawake katika vibanda vya video vya vijiji 112, zikatazamwa na watu zaidi ya 10,000. Walirudi baada ya miezi kadhaa kuuliza maswali. Mawazo ya watu juu ya uhalali wa kumpiga mke hayakuwa yamebadilika kwa kiasi cha kuonekana. Kilichobadilika ni utayari wa kusema: wanawake walioziona filamu zile walikuwa tayari zaidi kumweleza mkubwa fulani jambo kama hilo likitokea, na nyumba zilizoripoti ukatili katika vijiji vyao zilikuwa pungufu. Kilichokuwa kimewafunga mdomo ni hofu ya kuitwa wasengenyaji. Niliposoma hivyo niliona uwanja wa yaya. Mama mzee hakubadili wazo. Motari hakubadili wazo. Mama mmoja aliuliza swali, na mwingine akajibu bila kumwaibisha.

Majirani nao walikuwa na hofu hiyohiyo. Yaya alipoongea na jirani wa aneksi ya pili, jirani huyo alimwambia waziwazi kwa nini hajawahi kugonga: mwanamke akiingilia, watasema anamtaka bwana wa mwenzake, mwanamume akiingilia, watasema ndiye anayemharibu bibi wa watu. Nikawasimulia kisa cha Afrika Kusini. Mwaka 1999 mfululizo wa nne wa Soul City, mchezo wa televisheni wa kule, ulikuwa na hadithi ya mume anayempiga mkewe, na majirani katika mchezo walikusanyika nje ya nyumba yake wakagonga masufuria mpaka akaaibika. Baada ya hapo, katika baadhi ya mitaa ya nchi ile, watu walifanya hivyo kwelikweli. Mchezo ule ulikwenda sambamba na sheria yao ya ukatili wa nyumbani ya 1998, na kulikuwa na namba ya simu ya kupiga ukitaka msaada. Yaani mtazamaji alipewa kitu cha kufanya kesho yake asubuhi.

Kwetu hapa sufuria zinajulikana. Mwizi akiingia usiku, mtu mmoja anagonga, avenyi nzima inaamka. Mume wa yaya ndiye aliyesema: "Kwa mwizi wa redio tunapiga kelele, kwa ule mama tunazima taa." Lakini sufuria waliikataa. Walisema kelele itamwaibisha mama kuliko bwana, na labda ni kweli kwa parseli ndogo kama ile. Walikubaliana jambo dogo zaidi: atakayesikia kwanza atakwenda kugonga na kuomba kaa la moto. Basi. Hatauliza kitu, hatasema kitu, ataomba kaa la moto na kusimama mlangoni mpaka apewe. Mara mbili ilisaidia. Motari alifungua akihema, akatoa kaa, na mikono ikashuka. Mara ya tatu alifunga kwa ndani na hakujibu.

Usiku ule mama wa aneksi aligonga mlango wa chuma. Mkoba ulikuwa tayari kwa yaya tangu zamani, umeingia kidogokidogo chini ya nguo chafu: karte yake ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitabu cha likelemba, yaani mchango wa fedha wa kupokezana kwa zamu, na nguo mbili za kila mtoto. Zamu yake ya likelemba ilikuwa karibu, na wenzake sokoni walikubali kumpa mapema. Fedha hizo ndizo zilizolipa chumba baadaye. Nasisitiza hili kwa waandishi wa michezo kuliko jambo lolote: onyesheni likelemba. Rafiki mwenye chumba cha wageni hayupo Kadutu.

Asubuhi nilimpeleka kwa daktari akapata cheti cha majeraha, kisha tukaenda polisi. Katika kituo cha kwanza afisa aliuliza kama bwana wake anajua yuko pale, halafu akashauri tukaongee nyumbani. Nilimjibu kwamba tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyorekebisha kanuni ya familia, ile ruhusa ya mume iliyokuwa ikidaiwa kwa mke imefutwa, na kwamba kwa kushtaki kipigo haikuwahi kuhitajika. Kongo haikuwa na sheria maalumu ya ukatili wa nyumbani, lakini kifungu cha 46 cha sheria ya jinai kinamwadhibu yeyote anayempiga mtu kwa makusudi, kifungo cha siku 8 hadi miezi 6, wala hakimtoi mume. Kifungu cha 14 cha katiba ya 2006 kinaitaka serikali ipambane na ukatili dhidi ya wanawake hadharani na faraghani. Maelezo yalipokewa katika kituo kingine.

Familia zilikutana baada ya wiki kadhaa. Upande wa motari ulikuja na hesabu ya ng'ombe, ukataka warudishwe ikiwa mke harudi. Mjomba mmoja akasema sheria yenyewe inamwita mume kichwa cha nyumba. Hilo ni kweli, mabadiliko ya 2016 yaliliacha. Lakini kanuni hiyohiyo inawadai mume na mke kuheshimiana, na hakuna mahali inapompa kichwa ngumi. Baba mkubwa wa mke, niliyemhofia sana kabla ya mkutano, ndiye aliyefunga mjadala wa ng'ombe: walikwisha kuliwa, na watoto wako hapa. Ndoa yao ilikuwa ya kimila tu, haikuandikishwa komini, yaani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kwa hiyo mazungumzo yalikwenda haraka kwenye matunzo ya watoto. Iliandikwa karatasi mbele ya shefu wa avenyi, na faili la matunzo likapelekwa mahakama ya amani.

Kuna jambo moja lililobaki kwenye sebule ya yaya. Mpasta wa karibu, mtu mwema, alisikia kisa na kupendekeza kila novela ifuatwe na mjadala wa wazi, wake kwa waume. Nilimwomba asifanye hivyo, na sababu yangu inatoka hapahapa Kivu. Mtafiti Betsy Levy Paluck alichunguza mchezo wa redio wa Kiswahili, Kumbuka Kesho, uliorushwa Kivu ya Kaskazini na Kusini ili kupunguza chuki kati ya jamii. Katika maeneo mengine mchezo ulifuatwa na kipindi kilichowahimiza wasikilizaji wajadiliane. Matokeo aliyoyachapisha 2010 yalikuwa kinyume cha matumaini: waliohimizwa kujadili waliongea zaidi kweli, lakini wakakumbuka zaidi machungu yao, na wakawa wagumu zaidi kumsaidia wasiyempenda. Mada ile ilikuwa makabila, si ndoa, na siwezi kuihamisha nzimanzima. Ila usiku wa mvua niliuona mjadala wa wazi kwa macho yangu: mwenye nguvu aliongea, mwenye jeraha alitoka.

Badala yake yaya alifanya anavyojua kama mwalimu. Novela ikiisha, yeye ndiye wa kwanza kusema, na hasemi nani ana kosa. Anauliza: sasa huyu mama, kama angekuwa Kadutu, usiku huu angelala wapi? Watu wanashindana kutoa majibu. Mmoja anataja shangazi aliye Bagira, mwingine mama shemasi wa parokia, mwingine anasema angekwenda kwa wenzake wa likelemba. Binti wa chuo, ambaye yaya alimweleza faraghani jinsi sentensi yake ilivyosikika, siku hizo alikuwa akitaja kituo cha afya kinachotoa cheti na saa zake za kazi. Mama mzee bado alisema wanawake wa leo hawana subira. Halafu jioni moja, wote wakiorodhesha milango ya kugonga, akasema: "Na kwangu. Kitanda changu ni kikubwa."

Motari alihama parseli. Kwa miezi mingi alileta fedha za watoto kupitia kwa mume wa yaya, miezi mingine hakuleta, na kipigo chenyewe hakikumfikisha mbele ya hakimu. Mama wa aneksi alipanga chumba upande wa Panzi karibu na dada yake, akaendelea na sambaza. Faili la matunzo lilikuwa bado halijaamuliwa vita vilipofika mjini. Nakala ya karatasi ya shefu na ya cheti cha daktari ziko kwangu, na nyingine ziko kwa baba yake mkubwa.